Akiba Haihesabiwi kwa Majina: Kuhusu Kuwapima Wadakaji wa Timu Kabla ya Msimu

Kila ufikapo mwezi wa Agosti, timu 32 za NFL, ligi kuu ya kandanda ya Kimarekani, huwa kambini zikijiandaa kwa msimu mpya. Kila timu huingia kambini na wachezaji wapatao 90, na kabla ya mwezi kwisha sharti iwapunguze hadi 53. Hapo ndipo wachanganuzi wa magazeti na redio huketi katika viti vya ukadhi. Huwataja mmoja baada ya mwingine wachezaji wa pembeni ambao kazi yao ni kudaka mipira inayorushwa mbali, huhesabu majina matano, sita au saba, kisha hutoa hukumu: timu hii imejaa, ile imepungukiwa. Hoja ya makala haya ni kwamba hukumu za namna hiyo aghalabu huenda mrama, na sababu yake inajulikana. Wachanganuzi huhesabu watu pale wanapopaswa kuhesabu kazi.

Huenda msomaji akauliza mchezo huu wa ng'ambo umeingiaje katika kurasa za chama cha Kiswahili. Kwanza, mchezo wenyewe si mgeni kwetu kama tunavyodhani. Daniel Adongo, Mkenya aliyetokea katika raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka wa 2013 na akacheza katika ligi hiyo. Pili, na hili ndilo zito zaidi, wengi wa wanaohitimu katika idara zetu huishia katika vyumba vya habari. Huko hawaulizwi makala yamo katika ngeli gani. Huambiwa waieleze timu, na wamwambie msikilizaji kama iko tayari au haiko tayari. Mtangazaji asiye na istilahi za kupimia hukimbilia kusifu, na sifa, kama tujuavyo kutokana na kisa cha mgema, zina madhara yake.

Tuanze basi na majina. Mchezaji ninayemzungumzia nitamwita mdakaji. Wapo wanaopendelea "mpokeaji", nao wana hoja, kwa kuwa hiyo ndiyo tafsiri iliyo karibu na asili. Hata hivyo, kupokea ni kutwaa unachopewa. Mgeni hupokewa, mshahara hupokewa, na anayepokea mara nyingi ametulia mahali pamoja. Kudaka ni kukitwaa kitu kingali hewani, kabla hakijaanguka na kabla mwingine hajakiwahi. Mtu huyu hukimbilia mpira ambao mpinzani naye anautaka, tena mara nyingi mpinzani huyo yu begani pake. Anayeurusha mpira nitamwita mrushaji, na ndiye kiongozi wa mashambulizi.

Neno la pili lina uzito zaidi. Wanaotumia Kiingereza husema kwamba timu ina "kina", wakimaanisha kuwa nyuma ya wachezaji wa kwanza wapo wengine wanaoweza kushika nafasi zao. Baadhi yetu tumeanza kuitafsiri istilahi hiyo neno kwa neno. Sioni haja, maadamu Kiswahili kina neno lake la tangu zamani: akiba. Tumewaita wachezaji wa akiba hata kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Nalipendelea neno hili kwa kuwa limebeba swali ndani yake. Mwenye kuweka akiba huiweka kwa haja fulani: mbegu za mvua za masika, unga wa miezi ya kiangazi, fedha za karo. Mtu aliye na magunia saba ya mahindi na hana hata punje ya chumvi hatuwezi kusema kwamba jiko lake lina akiba, ijapokuwa ghala limefurika. Anayesema "kina" hutazama tu umbali wa kwenda chini. Anayesema "akiba" hana budi kuuliza: akiba ya nini?

Swali hilo lina jibu mahususi katika mchezo huu. Kila upande una wachezaji 11. Wanaoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, na wakifaulu hupewa mengine manne. Uwanja una urefu wa yadi 100 na upana wa yadi 53 na kidogo, na upana huo ndio mdakaji anaoufanyia kazi. Yuko anayesimama kwenye mstari wenyewe, kando kabisa, uso kwa uso na mlinzi ambaye kanuni zinamruhusu kumsukuma ndani ya yadi 5 za kwanza. Huyu huhitaji nguvu na ukaidi. Yuko anayesimama hatua moja nyuma ya mstari, ambaye aweza kuhamahama kabla mchezo haujaanza. Aghalabu ndiye mwenye mbio kuliko wote, na kazi yake ni kuwatia hofu walinzi wa mwisho ili warudi nyuma, hata kama mpira haumfikii. Kisha yuko wa ndani, anayepenya katikati ya miili mikubwa kutafuta yadi 6 au 7 pale timu inapozihitaji kwa dharura. Karibu naye husimama mchezaji mwingine mwenye mwili mkubwa zaidi ambaye leo hudaka, kesho humkinga mrushaji. Nitamwita mdakaji wa ndani, ingawa kwa hesabu za Wamarekani huwa hayumo katika kundi la wadakaji wa pembeni.

Kazi hizi hazibadilishani kwa urahisi. Mwenye mbio hawi mpenyaji kwa kuambiwa apenye. Mwanafunzi wa fasihi analijua jambo hili kwa sura nyingine: hakuna mhakiki anayesifu riwaya kwa sababu ina wahusika arubaini. Huuliza kila mhusika anafanya nini, na kama angeondolewa, ploti ingepungukiwa na nini. Ni ajabu kwamba mhakiki huyo huyo akishika gazeti la michezo huridhika na orodha ya majina.

Timu ambayo misimu yake ya karibuni inalifunua jambo hili kuliko nyingine yoyote ni Kansas City Chiefs, ya kocha Andy Reid na mrushaji Patrick Mahomes. Mwezi Machi 2022 timu hiyo ilimwachilia Tyreek Hill, mdakaji mwenye mbio za kutisha, aende Miami Dolphins kwa kubadilishana na nafasi 5 za kuteua wachezaji chipukizi. Msimu uliotangulia Hill alikuwa amedaka mipira 111 kwa yadi 1,239. Wengi walitabiri kwamba Kansas City imejikata mguu. Walioletwa badala yake, JuJu Smith-Schuster na Marquez Valdes-Scantling, hawakuwa na sifa kama zake, na hata wakiwekwa pamoja hawakumfikia.

Lakini itazameni kazi. Smith-Schuster alichukua kazi ya ndani, ile ya yadi 6 na 7. Valdes-Scantling, mrefu na mwepesi, alipewa kazi ya kuwavuta walinzi nyuma. Travis Kelce, mdakaji wa ndani, aliendelea kuwa mhimili, akadaka mipira 110 kwa yadi 1,338. Hakuna kazi iliyobaki bila mtu. Msimu huo wa 2022 timu ilishinda mechi 14 kati ya 17, ikapata wastani wa pointi 29.2 kwa mechi, ambao ulikuwa wa juu kuliko wote katika ligi, na mwezi Februari 2023 ikaishinda Philadelphia Eagles 38-35 katika fainali ya Super Bowl. Hill naye hakuwa amechuja, kwani huko Miami alifikisha yadi 1,710. Ghala lilikuwa limepoteza gunia lake kubwa, lakini kila kilichohitajika jikoni kilikuwepo.

Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Smith-Schuster alihamia New England, na wakati wa kupunguza wachezaji ulipofika mwezi Agosti 2023, Kansas City ilibakiza wadakaji saba. Saba ni wengi. Timu nyingi hutosheka na watano au sita. Kwa mwenye kuhesabu majina, hapo palikuwa na utajiri. Kwa mwenye kuhesabu kazi, palikuwa na pengo kubwa. Valdes-Scantling na Justin Watson walifanana kwa kazi: wote wawili walikuwa watu wa mbio ndefu. Kadarius Toney, Skyy Moore, Richie James na chipukizi Rashee Rice walirundikana upande wa mipira mifupi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amekwisha kuthibitisha kwa msimu mzima kwamba aweza kutegemewa timu inapobanwa. Toney, tena, alikuwa ameumia goti mwanzoni mwa kambi, akakosa mazoezi. Kazi aliyoiacha Smith-Schuster ilibaki ikining'inia kwenye bega moja, la Kelce.

Siku mbili kabla ya mechi ya kwanza Kelce akaumia goti. Tarehe 7 Septemba 2023, bila yeye, Kansas City ilifungwa na Detroit Lions 21-20. Mpira mmoja ulimponyoka Toney mikononi, ukamwangukia mlinzi Brian Branch, naye akakimbia nao yadi 50 hadi kwenye bao. Magazeti yalimshambulia Toney kwa siku kadhaa. Kwa maoni yangu lawama ile ilikuwa nyepesi mno. Mchezaji aliyekosa kambi nzima alikuwa amewekwa afanye kazi ya mtu mwingine usiku wa kwanza wa msimu, na hiyo ni kasoro ya aliyeigawa kazi zaidi kuliko ya aliyepewa. Kufikia mwisho wa msimu Rice ndiye aliyeongoza wadakaji wa pembeni kwa yadi 938. Aliyemfuata, Watson, alikuwa na 460. Wadakaji saba, na kati ya wa kwanza na wa pili pengo la zaidi ya nusu! Wastani wa pointi ulishuka kutoka 29.2 hadi 21.8.

Anayebishana nami ana haki ya kusema: lakini timu hiyo hiyo ilitwaa ubingwa. Ni kweli. Februari 2024 iliishinda San Francisco 49ers 25-22 katika muda wa nyongeza, na bao la ushindi lilidakwa na Mecole Hardman, ambaye alikuwa ameondoka kwenda New York Jets na kurudishwa katikati ya msimu. Valdes-Scantling naye, aliyeuachilia mpira wa ushindi dhidi ya Philadelphia mwezi Novemba, ndiye aliyedaka mpira wa yadi 32 uliofunga mlango dhidi ya Baltimore Ravens katika nusu fainali. Sitaki kuwanyang'anya heshima yao. Hata hivyo kombe hujibu swali moja tu, kama timu kwa jumla ilikuwa bora, nayo ilikuwa bora kwa kuwa safu yake ya ulinzi iliruhusu pointi 294 msimu mzima, na ni timu moja pekee iliyoruhusu chache zaidi. Ulinzi ulilipa deni la wadakaji. Wenye timu walilijua hilo vyema. Mwezi Machi 2024 wakamsajili Marquise Brown, na mwezi Aprili wakatumia nafasi yao ya kwanza ya uteuzi kumchukua Xavier Worthy, kijana aliyekuwa amekimbia yadi 40 kwa sekunde 4.21, muda ambao haujawahi kuandikwa katika majaribio rasmi ya ligi hiyo. Mtu aliyeridhika na ghala lake haendi sokoni kwa pupa namna ile.

Kwa karatasi, orodha ya Agosti 2024 ndiyo niliyoiona bora kuliko zote nne nizijadilizo hapa. Rice wa ndani, Worthy wa mbio, Brown wa kufanya yote mawili. Kisha Brown akaumia bega katika mechi ya kwanza ya maandalizi, na tarehe 29 Septemba Rice akaumia goti, msimu wake ukaisha. Mwezi Oktoba timu ikalazimika kumnunua DeAndre Hopkins, mwenye umri wa miaka 32, kutoka Tennessee Titans. Ilishinda mechi 15 kati ya 17 pamoja na hayo yote, kisha ikapigwa 40-22 na Philadelphia katika fainali ya Februari 2025. Hapa natahadharisha. Wapo walioitumia fainali hiyo kuwakejeli wadakaji, ilhali Worthy peke yake alidaka yadi 157 na mabao mawili usiku ule. Kilichobomoka ni ukuta wa kumkinga mrushaji: Mahomes aliangushwa mara sita akiwa na mpira mkononi. Mdakaji hudaka kilichorushwa, na mrushaji aliyelala chini harushi. Tathmini yoyote ya wadakaji isiyogusa ukuta ule ni nusu ya tathmini.

Kuna mtego mwingine wa Agosti. Mechi za maandalizi huchezwa kwa sehemu kubwa na watu ambao hawatakuwepo Septemba. Mdakaji wa saba anapomtoka mlinzi wa nane, magazeti hushangilia, nasi tusiojua walinzi hao ni nani hushangilia pia. Zaidi ya hayo, mrushaji halisi haonekani ila kwa dakika chache, na sehemu kubwa ya udakaji ni maelewano kati ya watu wawili. Mahomes huuachilia mpira kabla mdakaji hajageuka. Wote wawili husoma namna walinzi walivyojipanga na huamua kwa wakati mmoja, bila kusemezana, njia ipinde wapi. Maelewano ya namna hiyo hayanunuliwi Oktoba. Ndiyo sababu mchezaji wa wastani aliyekaa miaka miwili na mrushaji mmoja aweza kuwa akiba bora kuliko nyota aliyewasili jana, na ndiyo sababu Smith-Schuster alirudishwa Kansas City mwaka wa 2024 ingawa magoti yake si yale ya ujana.

Nafasi ya tano na ya sita, kwa upande mwingine, hazigawiwi kwa udakaji tu. Kocha humtaka mtu ambaye, asipodaka, atakimbia kumzuia mpinzani baada ya mpira kupigwa teke. Kazi hiyo ndiyo iliyompa Adongo dakika zake uwanjani kule Indianapolis, naye hata hakuwa mdakaji. Mchanganuzi anayelalamika kwamba kijana fulani hodari ameachwa mwezi wa Agosti na mwenye mikono mizito akabakizwa, kwanza aulize yule mwenye mikono mizito hufanya nini wakati wa mateke.

Tabia hii ya kuhesabu majina haiko Marekani pekee. Sikilizeni uchambuzi wa soka wa Kiswahili kabla ya michuano yoyote: "tunao mawinga watano". Watano wa kufanya nini? Kama wote ni wa mguu wa kulia na wote hupenda kuingia katikati, basi upande wa kushoto hauna mtu, na hakuna idadi itakayouziba. Swali ni jepesi, na Kiswahili kinaliuliza kwa sentensi moja: akikosekana huyu, ni kazi gani itakosa mwenyewe? Ningependa kulisikia swali hilo hewani angalau mara moja kabla ya kusikia tena neno "kikosi kipana".

Tuitumie sentensi hiyo kwa orodha ya Kansas City ya Agosti 2025. Ilikwisha kujulikana kabla ya msimu kwamba Rice hatacheza mechi 6 za mwanzo, kwa kuwa ligi ilimpiga marufuku. Hapo palibaki Worthy na Brown wa mbio, Smith-Schuster wa ndani, na nyuma yao Tyquan Thornton na chipukizi Jalen Royals. Wachanganuzi wengi walijadili kurejea kwa Rice mwezi Oktoba. Swali lililofaa lilikuwa la Septemba: Worthy akiumia, nani atawavuta walinzi nyuma? Katika dakika za mwanzo kabisa za mechi ya kwanza, iliyochezwa São Paulo, Brazil, tarehe 5 Septemba, Worthy aligongana na Kelce, bega likateguka. Kansas City ilifungwa na Los Angeles Chargers 27-21, na wiki iliyofuata ikafungwa na Philadelphia 20-17.

Msimu huo uliisha kwa ushindi wa mechi 6 na kushindwa 11, na timu ikakosa mechi za mtoano kwa mara ya kwanza tangu msimu wa 2014. Sitawatwisha wadakaji mzigo wote, kwani mechi nyingi zilipotea kwa pointi chache na Mahomes mwenyewe aliumia goti vibaya mwezi Desemba. Lakini swali la Septemba lilipata jibu, na jibu lenyewe halikutoka juu ya orodha. Thornton alikuwa ameachwa na New England mwaka uliotangulia, akachukuliwa na Kansas City kama mchezaji wa mazoezini, na katika orodha nyingi za Agosti jina lake liliandikwa mwishoni au halikuandikwa kabisa. Dhidi ya Philadelphia, Worthy akiwa nje na Rice akiwa kifungoni, yeye ndiye aliyekimbia nyuma ya walinzi wa mwisho na kudaka mpira wa yadi 49 ulioipa timu yake bao la pili la mechi ile.